Mchango Umefika, Mwenyewe Hakuja

Ukitaka kujua hali ya kikundi cha kijamii mkoani Singida, usianze kwa kuuliza salio. Omba daftari la mahudhurio. Salio linaweza kupanda kila mwaka, maana watu hutuma fedha kwa simu hata wakiwa Arusha au Kahama. Daftari halifichi kitu. Majina yaliyokuwa yakiwekewa alama ya vema kila wiki yanaanza kuandikiwa "udhuru", kisha hata udhuru hauandikwi, kwa sababu katibu naye hakufika.

Nazungumzia kikao cha wiki na kazi za huruma zilizokuwa zikitoka ndani yake: kumwona mgonjwa, kuezeka nyumba ya mjane, kumnunulia mtoto sare, kusimamia msiba wa mtu asiye na ndugu karibu. Sidhani kwamba watu wa Singida wa leo ni wachoyo kuliko wazazi wao. Wanatoa, na huenda wanatoa zaidi. Kilichodhoofika ni kukaa pamoja siku ileile na saa ileile, wiki baada ya wiki, na kadiri kikao kinavyodhoofika ndivyo msaada unavyozidi kuishia kwa watu ambao tayari wanajulikana.

Duniani, chama kilichojengwa juu ya kikao cha wiki kuliko karibu vyote ni Rotary. Kilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris na wenzake watatu walipokutana katika ofisi ya mmoja wao. Kwa miongo mingi kanuni zake zilikuwa kali: mwanachama alitakiwa kufikisha asilimia 60 ya vikao, na aliyekosa kwao alikwenda kukaa na klabu nyingine popote alipo ili kufidia. Utaratibu huo ulifika Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Nchini klabu hizi zilistawi zaidi mahali penye hoteli za kutosha, wafanyabiashara na wataalamu: Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Mwanza. Mwaka 2016 Rotary yenyewe ililegeza masharti, ikaruhusu klabu zikutane walau mara mbili kwa mwezi, hata kwa mtandao. Idadi ya wanachama duniani ilikuwa imekwama kwenye milioni 1.2 hivi kwa miaka mingi, huku klabu za Marekani zikizeeka. Wakati huohuo, jirani zetu wa Uganda wamekuwa wakifungua klabu mpya. Kwa hiyo anayesema zama za vikao zimekwisha, na wala hakuna la kufanya, atueleze kwanza habari ya Kampala.

Singida imeonja matunda ya Rotary bila kuhitaji kuona kikao chake. Kampeni ya kutokomeza polio ambayo chama hicho kiliianzisha mwaka 1985 imo ndani ya yale matone ambayo wahudumu wa afya walizunguka nayo nyumba kwa nyumba. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini alipatikana mwaka 1996, Tanzania ikathibitishwa kuwa salama mwaka 2015, Afrika nzima Agosti 2020. Kisha mwaka 2022, kirusi kilipoibuka Malawi, watoto wetu wakapewa matone tena. Ni huduma kubwa mno. Lakini ni huduma ya mbali, na mama wa Mkalama aliyemshika mwanawe mdomo wazi hakuhitaji kumjua aliyelipia. Kikao cha mtaani kinafanya kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo Singida ina historia yake. Mwenye shamba kubwa, awe Mnyaturu au Mnyiramba, alipika pombe ya mtama au uwele, majirani wakaja kulima, jioni wakanywa. Asiyekwenda kwa mwenzake alijua siku yake ikifika atalima na nani. Mwishoni mwa ukoloni na mwanzoni mwa uhuru, watumishi wa maendeleo ya jamii walianzisha Tanganyika vilabu vya wanawake vya kushona, kusoma na kujifunza lishe ya watoto. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT) ulipoundwa mwaka 1962, shughuli nyingi za namna hiyo ziliingia chini ya chama tawala. Katikati ya miaka ya 1970 vikaja vijiji vya ujamaa, na kazi ya pamoja ikapata msimamizi.

Hapa ndipo naona ufa wa kwanza, nao ni wa zamani kuliko simu. Chini ya vijiji watu walijenga madarasa, zahanati na barabara, na mengi ya majengo hayo bado yanatumika. Lakini kizazi kilichokua wakati huo kilizoea kwamba msaragambo huitwa na kiongozi, na asiyekwenda hutafutwa na mgambo. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uliohimizwa na serikali tangu 2016, umerithi tabia hiyo. Maduka hufungwa mpaka saa nne asubuhi, na wenye maduka husubiri ndani saa nne ifike.

Walioturudishia kikao cha hiari ni wanawake wa vikoba. Mbinu ya vikundi vya kuweka na kukopa ilitengenezwa Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa Maradi, na nchini Tanzania ilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo ni vigumu kupita kata ya Singida usikute kikundi, iwe Ikungi, Kiomboi au Itigi.

Kikao cha kikoba kinachoendeshwa vizuri kina nidhamu ambayo baraza la madiwani lingeweza kuionea wivu. Watu ishirini hadi thelathini wanakaa nusu duara, kila mmoja kwa namba yake. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mmoja akikosa, sanduku halifunguki. Kabla ya lolote, mwenyekiti anauliza: mfuko wa jamii tuliuacha na shilingi ngapi? Hakuna anayefungua daftari. Watu wanajibu kwa kichwa, wahesabu fedha wanamwaga noti na sarafu kwenye bakuli, wanahesabu kwa sauti, na jibu likilingana ndipo kazi inaendelea. Kisha namba zinaitwa moja moja, kila mtu anatoa mchango wa jamii, mia tano au elfu moja, sawasawa kwa mwenye duka na muuza maandazi. Baada ya hapo ndipo watu wananunua hisa, hadi tano kwa kikao, na kila hisa inagongewa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama. Mikopo inafuata. Mwisho kabisa, wakati wengine wameshaanza kukunja mikeka, inakuja ajenda ya "mengineyo".

Ajenda hiyo ndiyo iliyobeba huruma yote. Kikatiba mfuko wa jamii ni wa wanachama wenyewe, kwa ugonjwa na msiba. Lakini kikao kilikaa uani kwa mtu, au chini ya mti kando ya njia, na habari za mtaa ziliingia zenyewe: fulani amelazwa na hana wa kumpelekea uji, upepo umeezua nyumba ya bibi wa kule bondeni, mtoto wa jirani amerudishwa nyumbani kutoka shuleni. Hakuna aliyekuja kikaoni kwa ajili ya yule bibi. Walikuja kwa ajili ya hisa zao na mikopo yao, na kwa sababu walikuwa wameshakaa, bibi naye akapata mabati. Msaada kwa mtu wa nje ulikuwa zao la ziada la kikao. Ndiyo maana kikao kilipoanza kukosa watu, msaada huo ulitoweka kimyakimya na hakuna aliyeandika popote kwamba umesitishwa.

Sasa, kwa nini watu hawaji?

Sababu ya kwanza ni ya udongo na mvua, na wataalamu wa vikundi wanaotoka mijini huisahau. Kikao cha wiki kinadhani kwamba fedha hupatikana kila wiki. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa wengi fedha huonekana pale alizeti inapoanza kuuzwa, au vitunguu vinapotoka shambani. Januari mwanachama anapalilia na mfuko umekauka. Akikosa kikao anapigwa faini, akikosa cha pili faini inaongezeka, na wiki ya tano anadaiwa kiasi ambacho anaona haya kujitokeza nacho. Faini iliyowekwa ili kumleta ndiyo inayomfukuza. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka, wakulima wakilalamikia mafuta ya kula yanayotoka nje, na hata msimu wa mavuno, ambao kwa kawaida ndio hujaza sanduku, haukuleta nafuu iliyotarajiwa.

Halafu kuna posho. Kwa miaka mingi sasa miradi imekuwa ikiwaita wanakijiji kwenye semina, na mwisho wa semina kuna bahasha, nauli, chakula. Mwaka 2011 nchi nzima ilibishana kuhusu posho za vikao vya wabunge, lakini posho ya kijijini haikujadiliwa na yeyote, ingawa kwa kikao cha kujitolea madhara yake ni makubwa kuliko ya Dodoma. Mtu aliyelipwa elfu kumi Jumanne kwa kusikiliza habari za lishe atajiuliza kwa nini Alhamisi atoe elfu moja yake ili kuzungumza mambo yaleyale. Siwalaumu. Waliofundisha hesabu hiyo walikuja na magari na kuondoka nayo.

Sababu inayofuata ni ngumu kuisema kwa huzuni, kwa sababu ni mafanikio. Serikali imefanya mengi ambayo zamani yalisubiri kikao. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, iliyoanza mwaka 2000 ikidai jamii ichangie nguvu zake, katika awamu ya tatu iliyoanza 2012 iliwalipa pia ujira kaya maskini kwa kazi za jamii kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba michango ya shule imekwisha moja kwa moja, na mwalimu mkuu aliyeitisha kikao cha ujenzi alijikuta akijieleza. Mwaka 2021 mkopo wa IMF wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, ulijenga madarasa 15,000 nchini kwa miezi michache. Hakuna mwenye akili timamu atakayetamani turudi kwenye kuchangishana tofali moja moja kwa miaka mitano huku watoto wakikaa chini ya mti. Ila kamati zilizokuwa zikikutana kwa ajili ya tofali hizo zilikuwa pia zikijua nani hana chakula.

Mikopo ya halmashauri nayo imezaa vikundi vya aina yake. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Nia ni njema, na wapo walioinuka kwa fedha hizo. Lakini kikundi kilichozaliwa ili kukopa hukutana siku ya kujaza fomu na siku ya kugawana mkopo, basi. Utoaji uliposimamishwa Aprili 2023, baada ya ripoti za ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirudi, vikundi vya namna hiyo havikuwa na sababu nyingine ya kukaa. Upande wa pili wako wakopeshaji wa mtaani wa "kausha damu", wanaotoa fedha leo na kuanza kudai kesho. Mwanamke anayedaiwa na wawili wa namna hiyo hana Alhamisi ya kwenda kukaa nusu duara.

Nimefika kwenye simu, ambayo wengi wangeanza nayo. M-Pesa iliingia nchini mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaja M-Koba, huduma inayokiwezesha kikundi kuweka na kukopa ndani ya simu. Faida zake hazina ubishi. Sanduku haliibiwi, mweka hazina hatoroki, aliyehamia Dar es Salaam hapotezi uanachama. Lakini angalia kinachotokea kwenye kundi la WhatsApp la kikundi kilichoacha kukaa. Inawekwa orodha yenye namba, kila anayetuma anaongeza jina lake na kiasi, anainakili orodha nzima na kuirudisha. Wa kwanza akiandika 10,000, wa tano haandiki 2,000, ananyamaza. Mchango uliokuwa sawa kwa wote umekuwa mashindano, na mwenye kidogo amejitoa bila kuaga. Kubwa zaidi, orodha haina "mengineyo". Orodha inaanzishwa kwa jambo moja, mara nyingi harusi au msiba wa mwanachama au mzazi wake, na jambo likiisha orodha inakufa. Bibi wa bondeni hana simu, na hata angekuwa nayo, hayumo kwenye kundi.

Pengo hilo linazibwa na watu na taasisi kubwa. Mbunge ana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kisheria mwaka 2009. Mgodi wa dhahabu wa Shanta wilayani Ikungi, ulioanza uzalishaji 2023, unatakiwa na sheria ya madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017 kuandaa mpango wa huduma kwa jamii pamoja na halmashauri. Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida aliyekuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, alijiunga mwaka 2016 na matajiri walioahidi kutoa walau nusu ya mali zao kwa hisani. Misaada ya kiwango hicho inachimba visima na kununua vifaa vya hospitali, mambo ambayo kikundi cha watu ishirini hakiwezi hata kuyaota. Hata hivyo mfadhili huhitaji barua, picha na mahali pa kufungulia mradi. Mzee aliyeishiwa unga Jumatano hana cha kufunguliwa rasmi.

Upo ushahidi unaonipinga, tena ni mzito: jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, miaka minne baada ya Jimbo la Singida kuundwa, na hadi leo zinakutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Zinasali, zinasoma neno, zinachanga, na zinajua mgonjwa yuko wapi kwa sababu mara nyingine zinasali kwake. Simu zipo, msimu wa kilimo upo, umaskini upo, na bado watu wanakaa. Wengine watasema ni imani, na sikatai. Ila naongeza jambo ambalo waumini wenyewe hulisema kwa kicheko. Asiyeonekana jumuiya hupata shida siku ya kubatiza mtoto, siku ya ndoa, na hasa siku ya maziko. Kutokuja kuna gharama, na gharama yenyewe hailipiki kwa kutuma elfu tano.

Naona hiyo ndiyo tofauti kubwa. Ujima wa zamani, ule wa kulimiana, ulikuwa na gharama ya kutokuja: shamba lako. Rotary ya zamani ilikuwa nayo: uanachama wako. Kikoba cha sanduku kilikuwa nayo, maana mwenye ufunguo akikosa watu wote walikwama na walijua ni nani. Kikundi cha simu kimeifuta gharama hiyo kabisa, kwa sababu fedha ikifika inahesabika kwamba mtu amefika.

Wanaotetea mfumo mpya huuliza kama si fedha ndiyo inayomsaidia maskini. Hebu tupige hesabu. Katika CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, kadi ya kaya isiyozidi watu sita ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Wanachama ishirini wangetoa 1,500 kila mmoja, mara moja tu, wangeikatia kaya nzima bima. Vikundi vingi vingeweza kufanya hivyo ndani ya wiki moja bila kutikisika. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kaya ipi, na wa kuhakikisha kwamba kaya hiyo kweli haina, wala si ya shemeji wa mwenyekiti. Habari za namna hiyo hazitumwi kwa muamala. Hupatikana kwa watu waliokaa muda mrefu kiasi cha kuishiwa mambo ya kwao wenyewe wakaanza kuzungumza ya jirani.

Kushuka huku hakutaonekana haraka kwenye takwimu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi vya kifedha vya kijamii visajiliwe, na kikundi kilichosajiliwa huweza kubaki kwenye orodha muda mrefu baada ya kuacha kukaa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye mara nyingi hana hata pikipiki, ataripoti idadi iliyopo kwenye mfumo, na idadi itakuwa nzuri.

Vitakavyodumu, kwa maoni yangu, ni vile vitakavyokubali kwamba Singida si mahali pa kikao cha wiki mwaka mzima: mara mbili kwa mwezi kuanzia mbegu zinapoingia ardhini, kila wiki baada ya mavuno, na "mengineyo" ije kabla ya hisa badala ya kuachwa watu wakikunja mikeka. Faini za wakati wa kilimo zinaweza kulipwa kwa kazi. Aliyekosa kikao aende akamwone mgonjwa aliyetajwa na arudi na taarifa, kama Rotary ya zamani ilivyomtaka mkosaji afidie kikao kwa klabu nyingine. Wapo watakaokataa, na wana hoja. Faini ni sehemu ya fedha zinazogawanywa mwisho wa mzunguko, sanduku linapovunjwa, na kwa wanachama wengi mgawo huo ndio uliowavuta kujiunga. Kikundi kinachotaka kubadili kifungu hicho kitalazimika kukijadili mbele ya wote kabla mzunguko mpya haujaanza, akidi ikiwa imetimia.